Wino kwa Serikali, Penseli kwa Mwenyewe

Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo za chumba cha nywele, zote tatu, pamoja na ule wa kabati la joto ambalo halifunguki mpaka ulipige kofi kwanza. Mkaniletea keki. Mkaniomba niwaachie maandishi, "chochote tu, Mama Nabintu". Haya, chochote nimekipata. Nakiandika kwa Kiswahili kwa sababu watatu kati yenu ni watu wa kwetu, wawili wa Kivu na mmoja wa Tanga. Wengine mtasomewa wakati mkisubiri gundi ikauke.

Vyeo sitaviandika. Mshahara nao mliuona kwenye viatu vyangu. Nitaandika habari ya vichwa, maana ndiyo kazi niliyoifanya miaka ishirini na mitatu katika jumba hili la michezo ya jukwaani: kupima vichwa vya watu na kuvitengenezea nywele zisizo zao. Kati ya vichwa hivyo kuna kimoja nilichokikosea wiki yangu ya tatu kazini, na nilikitafuta mpaka wiki ya mwisho. Jina la mwenyewe nililifuta kwa mkono wangu. Kustaafu bila kulirudisha nisingeweza kwa raha, na kulirudisha kungeweza kumharibia mzee wa watu nyumba yake.

Nilitoka Uvira na watoto wawili na vidole vyangu kumi. Durban nilianzia soko la Warwick, kwenye kibanda cha turubai kati ya wauza mitishamba na foleni ya teksi, nikisuka pamoja na Mama Chantal wa Bukavu. Siku moja mwanaume mwembamba wa Kikaladi, chotara tungesema kwetu, amefunga tai katika joto lile, alisimama akaangalia mikono yangu nusu saa nzima. Nikadhani ni mtu wa manispaa. Akaniuliza kama naweza kufunga unywele mmoja mmoja kwenye wavu. Nikamjibu naweza, ila mteja atazeeka kwenye kiti. Akacheka, akaniandikia anwani nyuma ya risiti. Huyo alikuwa Desmond, fundi mkuu wa mawigi, na kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwake.

Siku ya kwanza nilisali kidogo. Mmezoea ninyi, lakini fikirini mtu anafungua mlango anakuta rafu tatu zimejaa vichwa vya turubai, havina macho, na kila kimoja kina nywele za malkia au hakimu. Desmond alinipa sindano yenye ndoano, nyembamba kuliko mwiba wa dagaa, akanikalisha dirishani. Siku nzima nilifunga nywele nikapata sehemu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Akaikagua kwa miwani, akasema, "Nzuri, dalingi. Sasa ifumue." Kila mtu kwake alikuwa dalingi: mimi, mkurugenzi, fundi bomba. Sikuchelewa kugundua kwamba lilikuwa neno la kumfichia ubovu wa kumbukumbu ya majina.

Aliponifundisha kupima kichwa alinifundisha mara moja tu. Mzingo kwanza. Kisha paji la uso hadi kisogoni, sikio hadi sikio kupitia utosini, sikio hadi sikio kupitia paji, na upana wa shingo pale nywele zinapoishia. Halafu unakizungushia kichwa nailoni ile ya kufunikia chakula, unaibana kwa selotepu mpaka iwe ngumu kama bakuli, na unachora kwa kalamu nzito mstari wa nywele zinapoanzia. Kabla hujaivua, unamuuliza mwenye kichwa, "Niandike nani?" Usimwambie jina lake. Muulize. Anaweza kuwa ameandikwa Robert kwenye orodha ya mishahara, na hapo kwenye kiti akakuambia Rosalinda, na wewe utaandika Rosalinda bila kukunja uso. Kwa Desmond hilo lilikuwa sharti la kazi sawa na kunawa mikono.

Mimi wa kanisani nilikunja uso. Sioni haja ya kuficha. Mama Chantal naye alizipata habari, na nilipopita Warwick Jumamosi kununua mboga alinisubiri akiwa ameshika kiuno.

"Eh, Nabintu! Kule unatumikaka, biko banaume benye banavaa perruque?"

"Biko. Banavaa, banavua, banarudisha zikiwa safi, propre. Weye bateja bako banarudishaka?"

"Na pasta atasema nini?"

"Pasta iko na upara, dada. Mambo ya nywele haimuangalie."

Kwa mdomo nilikuwa hodari hivyo. Moyoni nilikuwa bado napima hewa.

Sasa daftari. Mnalijua, lile la jalada la kijani lililo kwenye droo ya chini. Kila kichwa kina ukurasa wake: vipimo vyote, rangi ya nywele, na jina juu kwa wino. Chini ya jina la wino, kwenye kurasa nyingi za zamani, palikuwa na jina jingine kwa penseli. Na kwenye uti wa daftari palikuwa na ufutio uliofungwa kwa uzi, mgumu na mweusi kwa uzee.

Wiki yangu ya tatu Desmond alikwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho. Siku mbili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu mimi ilikuwa usafi. Nililelewa na masista wa misheni waliopiga fimbo kwa ajili ya doa la wino, na nilitaka Desmond akirudi akute nimemfanyia jambo. Nikalifungua daftari. Wino: Robert, Stanley, Margaret. Penseli chini yake: Rosalinda, Malkia wa Umbilo, Max. Nikaona kuna mtu amechezea vitabu vya ofisi. Na ufutio ulikuwa pale pale, kwa uzi. Mtu akikuta kisu kimefungwa pamoja na mkate, atafanya nini? Nilifuta kurasa kumi na moja, nikapuliza vumbi, nikapanguza jalada kwa kitambaa chenye maji. Nilijiona nimeula.

Desmond alirudi na kiraka jichoni. Akafungua daftari kutafuta kipimo cha mtu, akageuza ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Akakaa.

"Umefuta," alisema.

"Nimesafisha," nikasema, maana bado nilikuwa nangoja sifa.

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliushika ule ufutio kwa vidole viwili akauangalia. "Huu uliwekwa kwa ajili ya siku ambayo polisi wangegonga mlango. Waligonga mara mbili. Mara zote mbili niliushika hivi hivi, nikasikia viatu vyao kwenye ngazi, na sikufuta hata herufi moja. Sasa umekuja wewe kutoka Kongo ukawafanyia kazi yao, dalingi, tena bila kuitwa."

Nilisimama kuchukua mkoba wangu. Nilikuwa nalia, na nililia kwa aibu tu, kwa sababu hata wakati huo sikuwa nimeelewa nimefanya nini. Akaniambia, "Rudi. Shika taa."

Kuanzia siku hiyo mpaka mwisho wa wiki tulifanya kazi ambayo haikuwa kwenye mkataba. Mnaweza kuijaribu wenyewe: laza taa pembeni mwa karatasi, mwanga upite chini chini, na penseli iliyofutwa itaonekana kama mfereji mdogo uliokauka. Mimi nilishika taa, yeye akasoma kwa jicho lake moja zima, na kila jina lilipojitokeza alinihadithia mwenyewe. Ndiyo shule niliyosomea. Kama nisingefuta, pengine asingeniambia kamwe.

Enzi za makaburu jumba hili lilikuwa likifungwa kila Jumatatu. Meneja alikwenda kucheza gofu na Desmond ndiye aliyebaki na ufunguo. Saa nane mchana walikuja mmoja mmoja, kwa mlango wa nyuma, wakipishana dakika tano tano. Karani wa posta. Mpishi wa hospitali. Msichana wa duka la viatu. Fundi cherehani wa Kihindi, na Wazulu waliobeba mbao za jukwaa. Wanaume waliopenda wanaume, wanawake waliopenda wanawake, na wale ambao mwili ulisema hivi na nafsi ikasema vile. Sheria ingeweza kuwakamata mara tatu kwa mpigo: kwa kuchanganyika rangi, kwa kupendana, na kwa kuvaa walivyovaa, maana ilikuwepo hata sheria ya kumkamata mtu kwa kujigeuza sura. Desmond aliwavika nywele hapa chumbani, na wakapanda jukwaani wakaimba na kuigiza mbele ya viti vitupu vyekundu. Makofi walipigiwa na wenzao waliosubiri zamu pembeni. Saa kumi na moja nywele zilirudi kwenye rafu, katikati ya mawigi ya wafalme na mahakimu, kwa sababu nyumbani zingeweza kukutwa na mama, na mama wakati mwingine ni mkali kuliko polisi. Kila mtu akatoka na jina lake la mshahara.

"Wino kwa serikali," Desmond alisema, "penseli kwa mwenyewe."

Tulirudisha majina kumi. La kumi na moja lilitushinda. Ukurasa ulikuwa wa Efraimu, mmoja wa wabeba mbao, sentimita hamsini na nane, nywele nyeusi za mabegani. Efraimu alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa mkono mwepesi sana, na penseli yake haikuacha mfereji wowote. Desmond alikaa na ukurasa ule mchana kutwa.

"Alikuwa na sauti nzuri kuliko wote," alisema. "Alipooa akaenda kufanya kazi kiwandani Jacobs, na sikumwona tena."

"Ulimwitaje?"

Akaniangalia kwa huzuni ya kuchekesha. "Dalingi," alisema.

Alinisamehe siku ile ile. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Miaka iliyofuata mnaijua kwa kazi zake, ziko kwenye masanduku. Nitawapa mambo mawili matatu ya kusaidia. Gundi ya ngozi isikae karibu na mwanga. Mwigizaji akikuambia wigi linambana, pima kwanza kiburi chake ndipo upime kichwa. Wigi la mwanaume mwenye jasho lifuliwe siku ile ile hata kama teksi inakuacha. Pasta wangu aliniita mara moja kuniuliza kwa nini natumikia watu wa namna ile. Nikamwambia nilipofika mji huu na karatasi ya ukimbizi iliyochanika, watu wa namna ile ndio walionipa kiti. Nikaongeza kwamba akitaka kuniombea aombee mgongo. Hakuniita tena.

Desmond alistaafu, na baada ya miaka michache akafariki. Aliishi Umbilo katika fleti ya ghorofa ya pili na Neville, ambaye majirani waliambiwa ni binamu yake. Miaka thelathini na moja ya ubinamu! Umbilo nzima ilijua, na Umbilo nzima ilikuwa na adabu ya kutojua. Siku ya mazishi ndugu wa damu walikuja kutoka Johannesburg, wakakaa mbele, na Neville wakamwelekeza safu ya nne, nyuma ya nguzo. Nilikuwa na Salim wa Tanga, yule fundi wa mavazi, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amewahi kuingia kanisani.

"Dada, twende tukakae naye," aliniambia. "Ila wakipiga magoti mimi msinihesabu."

Tukakaa mmoja kulia mmoja kushoto. Halafu wakaja wenzetu wa taa, wa sauti, wa mlangoni, wakajaza safu ile mpaka mwisho, na watu waliokuja kutoa pole wakatufuata sisi nyuma ya nguzo. Neville alinishika mkono ibada nzima. Nililia siku hiyo kuliko nilivyomlilia baba yangu, na sioni aibu kusema.

Basi, mwaka huu wa mwisho mkurugenzi mpya akaja na mpango wake wa makabati ya vioo pale ukumbini, kuonyesha historia ya watu waliojificha katika jumba hili. Ni mwanamke wa haraka na wa moyo safi. Alipoliona daftari alitaka kulipiga picha lote, kila ukurasa, liwekwe ukutani kwa ukubwa wa mlango.

"Hapana," nikamwambia.

"Mama, hii ni historia yao."

"Yao, ndiyo. Basi tuwaulize. Jina la mtu si pazia, huwezi kulifungua kwa sababu watazamaji wamekaa."

Alinuna siku mbili, kisha akanipa simu ya ofisi na miezi mitatu. Nikawatafuta. Margaret wa duka la viatu, ambaye kwa penseli ni Max, yuko Cape Town. Alipiga kelele za furaha kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio, akasema tuandike jina lake kubwa na picha tutaletewa. Karani wa posta yu hai, ana wajukuu, akaomba ukurasa wake ufungwe. Nimeufunga kwa utepe, na utepe huo asiufungue yeyote, hata mkurugenzi, hata akija rais. Waliokufa tuliuliza watu wao. Pale jibu lilipokuwa hapana, ilikuwa hapana. Mwisho nikabaki na ukurasa mmoja ambao hata cha kuulizia sikuwa nacho, kwa kuwa nilikuwa nimekifuta.

Nikapanda teksi mpaka Jacobs. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha mwenye mali na walinzi hawakujua chochote, ila mama muuza maandazi pale getini, amagwinya wanavyoyaita huku, alikuwa amekaa pale muda mrefu kuliko kiwanda chenyewe. "Baba Efraimu wa kwaya?" aliniuliza. "Yuko Lamontville, kwa binti yake." Akanielekeza mpaka rangi ya geti.

Nilimkuta mzee mrefu, magoti mabovu, shati limepigwa pasi. Binti alinifungulia mlango akiwa na sare ya hospitali. Ni nesi mkuu, mtaa mzima unamwita Sista, naye babaye mbele ya wageni anamwita hivyo hivyo. Ni mtoto wake wa pekee. Alitutengea chai, akamhimiza meza vidonge, akaondoka kwenda zamu. Mzee hakuuliza nimetoka wapi mpaka aliposikia gari limetoka. Tuliongea kwa Kizulu changu cha sokoni na Kiingereza chake cha kiwandani. Nawawekea kwa Kiswahili.

"Desmond bado yuko?"

"Ametangulia, Baba."

Akaweka kikombe chini. Nikamweleza daftari, penseli, ufutio.

"Na nani alifuta?"

"Mimi."

"Wewe?" Alinitazama kutoka kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Eish, Mama. Miaka yote ile nikiogopa polisi." Akacheka mpaka akatoa leso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebeba neno hili miaka ishirini na mitatu, na nililisema vibaya, harakaharaka, kama mtoto anayeungama.

"Nimekuja kuomba radhi. Na kuuliza lilikuwa jina gani."

"Radhi chukua," alisema. "Jina, hapana. Si katika nyumba hii."

Akaniambia mkewe alijua yote. Jumatatu moja kabla ya ndoa mzee alimleta hapa, akamkalisha kwenye vile viti vyekundu peke yake, na akamwimbia. "Ndiye mtazamaji wa kwanza tuliyewahi kupata," alisema. Waliishi vizuri hadi mke alipofariki. Lakini binti hajui. "Ananijua kama mzee wa kanisa mwenye magoti mabovu. Nyumba ni yake. Gari la kunipeleka kliniki ni lake. Nikimpoteza yeye, sina mwingine."

Nikamwambia ukweli, kwamba ukurasa unaweza kubaki mtupu, na kwamba sikuwa na haki ya kuomba nilichokiharibu mwenyewe. Nilimaliza chai yangu. Mlangoni akaniuliza kama chumba cha nywele bado kiko upande ule ule wa ngazi. Nikasema kiko.

Wiki tatu kimya. Nikaanza kufunga masanduku yangu, na ukurasa wa Efraimu nikauacha kama ulivyo. Nilijiambia yaliyofutwa yamefutwa. Hata hivyo nilikuwa nikiamka alfajiri nikiufikiria, na ninyi mlidhani nina wasiwasi wa kustaafu.

Jumatatu ya wiki yangu ya mwisho, saa nane mchana, mlinzi akapiga simu kutoka mlango wa nyuma: kuna mzee mwenye fimbo, na nesi.

Alipanda ngazi akipumzika kila hatua ya tatu, akikataa mkono wa mtu. Ndani ya chumba alisimama akaziangalia rafu moja moja, kisha akakaa kwenye kiti bila kuonyeshwa. "Pima," alisema. "Nadhani kimepungua."

Sista alikaa kwenye stuli ya dirishani na mkoba magotini. Alikuwa na uso wa mtu aliyeomba ruhusa ya saa moja kazini na bado hajaambiwa kwa nini. "Baba aliniambia alibeba mbao hapa," alinieleza. "Hakuniambia alivaa nywele."

"Mbao nilibeba pia," mzee alisema.

"Za mchezo gani, hizo nywele?"

"Za kwangu mwenyewe." Alisema bila kugeuka. "Jumatatu nilikuwa mwanamke, mwanangu. Hapa, na wenzangu. Mama yako alijua. Nimekuleta ili nisikufiche tena."

Sista aliuangalia mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Mimi mikono yangu haikujua pa kwenda, kwa hiyo ilifanya inachojua. Nilipima. Hamsini na saba. Kweli kilikuwa kimepungua. Nikakizungushia nailoni, nikabana selotepu, naye akafumba macho. Nikachukua kalamu nzito. Utosini mzee hana kitu.

"Nichore wapi, Baba?"

"Chora pale zilipokuwa."

Nikachora. Na kwa kuwa ndivyo tunavyofanya katika chumba hiki, na kwa kuwa nisingepata nafasi nyingine, nikauliza. "Niandike nani?"

Alivuta pumzi.

"Nomcebo," alisema.

"Yebo, Baba?" Sista aliitika kutoka dirishani.

Mzee alifumbua macho. "Sikukuita, mwanangu. Ninamjibu Mama huyu."

Ilimchukua muda. Nami ilinichukua muda, nikiwa nimesimama na kalamu hewani, mpaka nikaelewa kwamba jina nililolifuta kwenye karatasi lilikuwa limekwenda shule, limehitimu unesi, na limenitengea chai Lamontville.

"Hilo ni langu," Sista alisema polepole. "Baba, hilo ni jina langu."

"Lilikuwa langu kwanza. Ulipozaliwa sikuwa na kitu kingine kizuri cha kukupa."

Niliandika, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na kazi huyazuia. Sista akainuka, mkoba ukaanguka, na nikadhani anakwenda mlangoni. Alikuja mpaka kwenye kiti. Akainama, akasoma nilichoandika kwenye nailoni, juu ya paji la baba yake, akaniambia nimekosea herufi moja. Akaitwaa kalamu mkononi mwangu, akamshika mzee kidevu asitikisike, akaliandika upya.